Mpaka kwa Penseli

Siku ya tatu nimo chumba cha ramani, Tabora,
nyuma ya stesheni. Feni ilikufa Pasaka.
Karatasi nimeibana kwa makopo mawili ya asali
na bado ni nyeupe.
Makumbusho ya wilaya yameandika barua:
"Ufalme wa Ulumbi. Eneo lote. Mstari mweusi, rangi moja."
Rangi wameshachagua, kijani.
Kilichobaki ni ufalme.

Nilikwenda. Pikipiki ya kuazima, Sikonge na kupita,
vumbi hadi kwenye meno,
nikiuliza kila mlango: Mtemi Ngalaba alitawala hadi wapi?

Kalunde binti Mhoja alikuwa akipepeta karanga.
"Masika au kiangazi?"
Sikumwelewa. Akapuliza maganda.
"Masika mbuga hujaa, Mto Wala hufura,
mjumbe wa ikulu hukaa ng'ambo hii akitazama maji,
na ng'ambo ile kila mtu ni mtemi wa jembe lake.
Kiangazi ndipo ufalme hujinyoosha,
unafika Ugalla, unaonja samaki wa watu, unarudi."

Msagata, mrina asali, alinuka moshi tangu mlangoni.
Kwake yeye mpaka ni moto.
Mtemi mpya akitawazwa, mafiga yote yalipoa,
vijiji vililala gizani usiku mmoja,
alfajiri watu wakatoka ikulu na vijinga, mbio,
kila mmoja kwao.
"Kijinga kilipozimika, ufalme uliishia hapo hapo."
Babu wa babu yake alinyeshewa akiwa amebakiza kilima kimoja.
Akapekecha moto wake mwenyewe, akapika, akala.
"Ndiyo maana sisi," akasema, "hatukuwa watu wa mtu."
Kwa fahari? Kwa haya? Moshi ulinizuia kumwona uso.

Ntinginya, karani mstaafu wa mizani ya barabarani, alicheka:
"Ulumbi haukuwa nchi, ulikuwa njia.
Upana wake ni mtu na mzigo wake begani.
Msafara ukifika kwenye boma la miiba unalipa hongo,
kaniki, shanga, waya wa shaba
(neno hilo enzi zile lilioga na kuvaa safi),
unapita.
Toka njiani hatua mia, ingia miombo:
nyuki hawakuwahi kusikia jina la Ngalaba."

Na yule tembo. Kila kijiji kina tembo wake.
Pembe iliyogusa ardhi ni ya mtemi, ndiyo sheria,
ila huyu aliangukia kijitoni,
pembe moja ukingo huu, ya pili ukingo ule,
akaoza huku watemi wawili wakipelekeana wajumbe
kujadili maana ya neno "ardhi".

Nikauliza: jirani hao walikuwa wakubwa?
Mmoja, kumvuka ni mwendo wa siku tisa.
Mwingine, mkewe akiita kwamba ugali tayari
raia wote walinawa mikono.
Wote wawili waliitwa watemi. Wote walizikwa kwa ngoma.

Sasa penseli.
Nachora, nafuta. Karatasi inaanza kuota manyoya
pale Wala inapopita.
Nikapiga simu makumbusho: mstari upi, wa masika au wa kiangazi?
Kimya. Kisha yule bwana, kwa upole wa mtu mwenye bajeti:
"Wageni rasmi wanakuja mwezi wa saba."

Basi nimechora wa kiangazi, mnene, mweusi.
Ulumbi umenenepa hadi Ugalla, kijani tupu.
Paa lao nalijua. Linavuja upande wa kusini,
juu ya ukuta ule ule.
Januari maji yatakuja yenyewe
kusahihisha.